Kitenge Nyuma ya Feni

Masika mwanangu,

Saa hizi uko Birere kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachilia bila kukulisha mara mbili. Mimi nimekaa kwenye meza ya kuchanganyia chakula cha nguruwe, mbele ya banda, na jua bado linaonekana upande wa ziwa Lac Vert. Naandika kwenye karatasi nilizochana katikati ya daftari la chanjo. Usicheke. Karatasi nzuri papa yako ameziweka mahali anapopajua yeye na Mungu wake.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kulala na begi chini ya kichwa, wala za wavulana. Hayo shangazi yako anakuambia sasa hivi, na kwa upande wa wavulana ana ujuzi kunishinda. Mimi nina neno moja tu, na limenikaa kooni miezi saba.

Utauliza kwa nini nakuandikia, wakati kesho tutakuwa pamoja mpaka mjini. Ni kwa sababu unanijua. Nikianza kukueleza kwa mdomo, katikati ya maneno nitaanza kujitetea. Nitakukumbusha uchungu wa kukuzaa, nitalia kidogo, na mwisho wake wewe ndiye utakayeniomba msamaha. Nimekufanyia hivyo mara nyingi, nawe hukuona, au uliona ukanyamaza. Karatasi hainipi nafasi hiyo.

Kesho unakwenda Butembo, kwenye duka la vitenge la mjomba wako. Ni kazi ya heshima. Ukoo wangu wote umekula na kusoma kwa vitenge. Lakini wewe hukuzaliwa na hamu ya duka. Ulipokuwa na miaka tisa uliifungua redio ya papa yako kwa kisu cha kumenyea viazi, ukaifunga tena, ikaimba vizuri kuliko mwanzo, na bado alikuchapa. Mwaka huu ulikubaliwa kwenye shule ya ufundi kule Bukavu usomee elektroniki, na ukawaandikia kwamba hutakuja. Nilipokuuliza sababu, ulikuwa unaosha sahani, na hukuinua macho. Ulisema: "Mama, mashini haiko kazi yangu. Mutu mwenye kuua batoto ba nguruwe, kesho batamupa mashini ya hopitali?" Nikakujibu, "Sawa, mwanangu," nikaendelea kutwanga majani ya sombe.

Sasa soma polepole. Mashine yako haikuua mtoto wa nguruwe hata mmoja. Wale tisa niliwaua mimi. Nilijua asubuhi ile ile, na nimenyamaza mpaka leo.

Basi, nimeandika. Acha nikueleze tangu mwanzo, maana wewe ni mtu wa kutaka kujua kila waya umepita wapi.

Unakumbuka tulivyokuwa tunalipasha joto banda hili kabla ya kisanduku chako. Mbabula mbili za makala, majiko yetu ya mkaa, moja katika kila chumba, na mimi katikati, macho mekundu, nikikimbia huku na huku na koleo mkononi. Chumba cha kwanza ni cha nguruwe wetu Madame anapozaa, cha pili ni cha wale walioachishwa kunyonya. Madame kwa unene wake anataka baridi. Watoto wake wa siku moja wanataka joto la kumfanya mtu avue koti. Mbabula haijui mama wala mtoto. Inapika wote sawasawa, na alfajiri makala yakiisha inawasahau wote sawasawa. Kila uzazi tulipoteza watatu, wanne. Tulikuwa tumezoea kusema ni mapenzi ya Mungu, na Mungu hakutujibu kitu.

Halafu likizo ile ukaanza kuunda kisanduku cha kuongoza taa za joto na feni. Vipande vyake ulivitafuta kwa wale mafundi wa Birere wanaouza matumbo ya redio na televisheni zilizokufa, na kila siku ulirudi na mfuko mdogo uliokuwa na harufu ya vumbi la kuungua. Kwanza uliandika kwenye daftari: safu ya siku, safu ya joto, safu ya feni. Chumba cha kwanza ukurasa wa kushoto, chumba cha pili ukurasa wa kulia. Kisha ukaanza kuingiza namba hizo kwenye kisanduku, moja baada ya nyingine, kwa vile vifungo vitatu. Papa yako alikuwa anakuletea chai akitembea kwa ncha za vidole, utadhani uko kwenye misa.

Nilikuuliza tofauti yake na taa ya kawaida, na nakumbuka ulivyonijibu, kwa uvumilivu, ukiwa na bisibisi mdomoni: "Mama, hii haiko ya kuwaka ao kuzimika. Inaongeza kidogo-kidogo, inapunguza kidogo-kidogo. Siku ya kwanza batoto banapata joto ya digrii trente-quatre. Kila siku inashuka kiasi, yenyewe, bila mutu kugusa. Bakikomaa, banakuta bamezoea."

Ulitundika kipimajoto kwenye kamba, chini kabisa, kimo cha mgongo wa mtoto wa nguruwe. Nikakuambia ukiinue kidogo, mtu atakisomaje pale? Ukasema mwenye kusikia baridi ni nguruwe, si mimi. Papa yako akacheka. Mimi nilicheka pia, lakini ilinichoma. Nakuambia hilo ili ujue moyo wangu ulikuwaje tangu mapema.

Kisha ukatoboa tundu ukutani, chini, upande wa nyuma unaoteremkia ziwani, ukaweka feni ndogo ya kusukuma hewa nje. Hapo nikashindwa kuvumilia. "Sasa hiyo tundu njo ya nini? Unapasha nyumba moto na unafungua mulango?"

Uliacha kazi. Ulinitazama, ukasema taratibu, neno kwa neno: "Mama, hapa kwetu kuko mazuku. Inalala chini sawa maji. Batoto banalala mu kishimo, chini ya mama yabo. Feni inaitoa inje. Hata kukiwa baridi namna gani, pale pasizibwe. Tafazali, Mama. Hata siku moja."

Sikuhitaji kufundishwa mazuku. Nimekaa upande huu wa Lac Vert tangu kabla hujazaliwa. Nimeona mbuzi wamelala bondeni asubuhi wakiwa wazima wa ngozi na hawaamki. Mimi ndiye niliyekufundisha, ukiwa mdogo, usikae kwenye mashimo ya mawe kabla jua halijapanda na upepo haujapita, kwa maana ile hewa mbaya hutoka chini ya mawe ya volkano, haina rangi, na mtu huisikia magoti yakiwa tayari yamelegea. Nilijua yote hayo. Ila sikuwahi kufikiri kwamba hewa hiyo inaweza kuingia katika nyumba yangu mimi, niliyoifagia mwenyewe.

Uzazi wa kwanza wa kisanduku hatukupoteza hata mmoja. Kumi na moja walizaliwa, kumi na moja wakaachishwa. Majirani wakaja kuona. Papa yako alisimama mlangoni akiwaeleza watu kitu asichokielewa, na wote wakatikisa kichwa. Nao walikuwa wanauliza: "Masika iko wapi? Tunakuja kuona mashini ya Masika." Mwanangu, miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa mwenye mkono wa nguruwe. Watu walikuwa wanakuja kutoka Sake kuniuliza mimi. Nilifurahi kwa ajili yako, hilo ni kweli kabisa, na nilikuonea wivu, hilo pia ni kweli. Sikujua kwamba mama anaweza kumwonea wivu binti yake. Sasa najua, na ukija kuwa mama utafahamu kwamba hutakuwa wa kwanza.

Uzazi wa pili, Madame akazaa tisa. Siku ya nne mvua ikashuka kutoka mlimani, na baridi ile unayoijua, ya kuingia kwenye mifupa. Jioni, kabla giza halijaingia, nilipita nyuma ya banda kuanua nguo. Nilikuwa na vitenge mkononi. Nikasikia kitu cha vuguvugu kwenye mguu. Nikainama, nikaweka kiganja kwenye tundu lako. Joto, Masika! Joto letu lilikuwa linatoka pale, linakwenda zake ziwani, na sisi ndani tumevaa makoti.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Wewe ulizaliwa wakati wa mvua kama ile. Mama yangu alishuka kutoka Butembo kuja kukuangalia, na kitu cha kwanza alichofanya, hata kabla ya kukushika, alizunguka chumba akiziba. Aliziba dirisha kwa blanketi, chini ya mlango kwa gunia, tundu la ufunguo kwa pamba. Alisema, "Mutoto muchanga na upepo habapatane." Siku arobaini tulitoka jasho, mimi na wewe, na ukanenepa mashavu mpaka macho hayaonekani. Na wadogo zako vivyo hivyo. Kwa hiyo kuhusu watoto wachanga nilikuwa na elimu moja tu, nayo haikuwa kichwani, ilikuwa mikononi. Kukiwa na baridi na kuna mtoto, ziba.

Mikono ikaziba. Nilichukua kitenge cha juu, kile cha kijani chenye ndege wa manjano, nikakikunja mara nne, nikakisukuma kwenye tundu kwa nje mpaka kikakaza. Nilikumbuka maneno yako. Nisikudanganye, niliyakumbuka vizuri sana, "Tafazali, Mama, hata siku moja." Nikajiambia, mimi nimezaa, nimelea, yeye amesoma vitabu. Usiku mmoja tu, asubuhi nitakitoa na hatajua. Nikaingia ndani nimefurahi. Nilikula viazi vingi usiku ule.

Alfajiri niliamka kabla yenu wote. Nilifungua chumba cha kwanza, kulikuwa na joto zuri, na feni ilikuwa inanguruma kama kawaida. Madame alikuwa amesimama upande wa juu, amegeuza pua kwenye mlango. Hakuwa analia, na hilo lilinishtua zaidi. Nikainama kwenye kishimo cha watoto. Walikuwa wamelala vizuri, kwa mpangilio, mmoja pembeni ya mwingine, hakuna aliyemlalia mwenzake. Wakiona baridi hulaliana, unajua mwenyewe. Nilinyoosha mkono kumgusa mmoja, na pale chini pumzi ikanikatika. Kichwa kikazunguka, magoti yakalegea. Nilijivuta kwa ukingo wa mlango nikatoka nje kwa kutambaa.

Nje nilijua. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Nilizunguka nyuma ya banda, nikakichomoa kile kitenge, na hewa ikatoka kwa nguvu ikanipiga kifuani. Nilikiviringisha, nikakisukuma chini ya nguo chafu katika beseni. Ndipo nikapiga kelele kuwaita. Unaona mpangilio huo? Kwanza nilificha, halafu nikalia.

Mlipofika hewa ilikuwa imekwisha kusafishika. Wewe ulikuwa wa kwanza kuingia, bila viatu. Ulipima kila kitu. Uliangalia feni ukasema, "Feni inazunguka, haiko mazuku." Uliangalia kisanduku ukasema, "Joto iko trente-et-un, njo ile ya siku ya nne." Sauti yako ilikuwa inapungua. Papa yako akasema, si kwa ukali, kwa uchovu tu: "Mashini inasema joto iko. Batoto bamekufa. Tuamini nani?"

Ukanigeukia mimi. Umesahau? Mimi sijasahau. Ulinitazama ukingoja niseme kitu, kwa kuwa kila siku nina la kusema. Nami nikasema: "Nilikuambia mbabula haidanganyi."

Hayo ndiyo maneno yaliyokufukuza kwenye kazi yako, Masika. Watoto tisa wa nguruwe ni hasara, nguruwe huzaa tena. Lakini nilikuona ukizima kisanduku kwa kidole kimoja, taratibu, na tangu siku hiyo hukukiwasha tena. Ulikitia kwenye gunia la mchele, ukakisukuma chini ya kitanda.

Laiti ningeweza kukuambia kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza. Kabla ya nguruwe nilikuwa ninapeleka kabichi Birere, na zilisukumwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, na mzee mmoja mpole, mwenye kofia ya sufu. Siku moja nilifunga mzigo mwenyewe kwa haraka. Alinionya: "Mama, kamba ya nyuma inalegea." Nilimwambia asukume, yeye si fundi wa kamba. Kwenye mteremko magunia yakaporomoka, kabichi zikajaa barabarani, magari yakazikanyaga. Watu wakasimama. Mimi nikamgeukia mzee yule mbele ya watu wote, nikamtukana kwa kutojua kazi yake. Aliokota kabichi zilizobaki, akanifikishia, na hakuja tena. Wenzangu sokoni wakaacha kumpa mizigo, kwa sababu ya mdomo wangu. Nilisema moyoni, nikikutana naye nitamwomba radhi. Nilikutana naye, mara mbili, nikavuka barabara.

Sikuambii hilo ili unihurumie. Nataka uone jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, kwa kuwa wewe unapenda kujua vitu vinavyofanya kazi. Kosa lenyewe huchukua dakika moja. Kulinyamazia ndiyo kazi ya kila siku. Kila asubuhi nilipaswa kuamka nikanyamaza upya. Nilipokuona umerudi kuwasha mbabula, macho yanatoka machozi kwa moshi, nilinyamaza. Uzazi uliofuata tulipopoteza wanne kwa makala, na papa yako akasema angalau hatukupoteza wote, nilinyamaza, na nyama niliyopika siku hiyo sikuionja. Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kilichonila moyo kilikuwa nguo yenyewe, imekunjwa mara nne.

Na daftari lako nililisoma. Nilikuwa nafagia chini ya kitanda. Niliona kwamba kwa siku tatu ulihesabu upya kila namba, ukurasa wa kushoto na wa kulia, ukitafuta mahali ulipokosea. Mtu asiyekosea akitafuta kosa lake kwa bidii, mwisho atalipata tu. Uliandika chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: "Nimeshusha joto mapema. Kosa ni langu." Tena ukapiga mstari chini yake. Nililifunga daftari, nikalirudisha, nikaendelea kufagia.

Leo asubuhi ulipokuwa unafunga begi ulimpa papa yako ile bisibisi yenye mpini mwekundu. Ulimwambia, "Baki nayo, Papa. Butembo sitakuwa na kazi nayo." Akaipokea akaitia mfukoni, hakujua amepewa nini. Mimi nilijua. Nilitoka nje nikajifanya ninaita kuku, na sisi kuku hatuna.

Ulipoondoka kwenda kwa shangazi, nilimwita papa yako hapa hapa mezani nikamwambia yote. Alikuwa anaosha buti. Aliendelea kuosha buti moja ile ile kwa muda mrefu sana. Kisha akasema, "Mama Masika. Miezi saba mutoto analala na kosa yako?" Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Aliingia ndani akakitoa kisanduku kwenye gunia, akakifuta kwa mkono wa shati lake, akakipeleka ukutani mahali pake pa zamani na kuunganisha nyaya zile mbili ulizomfundisha. Kikawaka. Akaniita nije nione. Kwenye kioo kimeandika J4. Kiko pale pale ulipokizima, siku ya nne, kinangoja siku ya tano.

Tumekaa mbele yake kama watu wawili waliopotea njia. Papa yako hajui kukirudisha siku ya kwanza, mimi hata vifungo naogopa. Madame atazaa kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Tutasoma daftari mpaka tuelewe, na tukishindwa tutakupigia simu, popote utakapokuwa. Tundu la nyuma papa yako amelizungushia wavu wa chuma, kwa misumari, na kila alipopigilia msumari alinitazama. Nastahili.

Sasa habari ya kesho. Mjomba wako nimempigia, amesema duka halikimbii. Nimepiga simu Bukavu pia. Karani wa shule amesema jina lako bado liko kwenye orodha mpaka Jumatatu. Sikumwambia unakuja, naapa. Nilimuuliza tu, nikashukuru, nikakata. Ukitaka Butembo kwa kuwa unaipenda Butembo, nitakufungia mzigo kwa mikono miwili na nitajivuna sokoni kwamba binti yangu ana duka. Lakini usiende kule kwa ajili ya asubuhi ile. Makosa yako mwenyewe yatakuja, mwanangu, usiwe na haraka. Utakata waya usiopaswa kukatwa, utaandika namba mbili mahali pa tatu, na siku hiyo utalia na utakuwa na haki ya kulia. Hili halikuwa lako. Nililiweka begani pako ungali mtoto wangu, nikakuacha ulibebe, na ninaona haya.

Sikuombi unisamehe kesho. Ukikasirika, kasirika; nimekwisha kumwambia papa yako asikuingilie. Nakupenda, na nilikupenda hata siku ile niliyonyamaza, ingawa mapenzi ya namna hiyo sijui yanafaa nini.

Begi lako nimelifungua kidogo. Bisibisi nimeirudisha, papa yako mwenyewe ndiye aliyenipa. Chini ya nguo kuna kile kitenge cha kijani. Nimekifua mara tatu. Ndicho nilichokubebea mgongoni mwaka wako wa kwanza, na nilitaka ukijue kwa yote mawili. Juu kabisa kuna daftari. Kwenye ukurasa ule wa mwisho, mahali ulipoandika kwa kalamu nyekundu, nimekata neno "langu" na pembeni yake nimeandika jina langu lote, pamoja na la ukoo, kama ninavyoandika kwa padri.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako, uisome kabla ya kulala. Asubuhi motari wawili watakuja na pikipiki zao. Wewe utapanda ya mbele na begi lako. Tukifika kwenye mzunguko wa rond-point motari wako atauliza kama ni upande wa bandari, kwenye boti la Bukavu, au ni upande wa magari ya Butembo. Ujibu wewe. Mimi nitakuwa kwenye pikipiki ya nyuma, na nitamwambia wangu afuate tu.

Mama yako